Moshi wetu upimwe kwa mbinu zilizojaribiwa kwa moshi wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa kawaida hubaki ndani ya kuta za maabara, lakini ambalo sasa limetoka nje kwa sababu tarakimu zake zimeanza kuchapishwa. Wasomaji wamezoea kukutana na habari kwamba hewa ya mtaa fulani, karibu na dampo au kando ya barabara kuu, imekutwa na kiasi fulani cha kemikali inayosababisha saratani. Tarakimu huandikwa kwa herufi kubwa, viongozi huulizwa maswali, na baada ya siku mbili mjadala huhamia kwingine. Sijawahi kusoma habari ya namna hiyo iliyoeleza jinsi kemikali hiyo ilivyotenganishwa na jamaa zake, wala kama mbinu iliyotumika iliwahi kujaribiwa kwa moshi unaofanana na ule uliopimwa. Nimechambua sampuli za hewa kwa miaka mingi, na msimamo wangu ni kwamba tarakimu isiyoambatana na maelezo hayo mawili haijafikia hadhi ya kuchapishwa, hata kama imetoka kwenye mashine ya bei kubwa.

Sizungumzii vile vipimo vidogo vinavyotundikwa ukutani na kuonyesha wingi wa vumbi kwenye simu. Vifaa hivyo hukadiria chembe kwa kuzimulika, na kazi hiyo vinaiweza kwa kiasi chake, ila haviwezi kusema chembe hizo zimebeba nini. Ninachozungumzia ni uchunguzi wa kampaundi za kaboni zilizomo ndani ya moshi, ambao ndio unaotuambia kama tunavuta masizi ya dizeli, ya kuni au ya plastiki iliyochomwa uani.

Ugumu wa kazi hiyo unaanzia kwenye wingi wa vitu vilivyochanganyika. Mwaka 2007 watafiti Allen Goldstein na Ian Galbally walikadiria kwamba kampaundi tofauti za kaboni zilizokwisha kupimwa katika angahewa ni kati ya 10,000 na 100,000, na wakaonya kwamba huenda hizo ni sehemu ndogo tu ya zile zilizopo. Kati ya umati huo tunatakiwa kumtafuta mmoja. Mkosaji anayetajwa mara nyingi anaitwa benzo(a)pireni, ambayo wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeiweka katika kundi la 1, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na ambayo Umoja wa Ulaya uliiwekea lengo la nanogramu 1 (sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka.

Msomaji na apige hesabu pamoja nami. Pampu inayovuta mita 1 ya ujazo kwa saa, ikiachwa siku nzima, itapitisha mita 24 za ujazo kwenye kichujio. Ikiwa hewa ile ina nanogramu 1 ya benzo(a)pireni kwa kila mita ya ujazo, kichujio kitakuwa na nanogramu 24. Tukichukua kwa mfano kwamba vumbi lote lilikuwa mikrogramu 40 kwa mita ya ujazo (mikrogramu moja ni nanogramu 1,000), basi kichujio hicho kina mikrogramu 960 za vumbi, na kampaundi tunayoitafuta ni sehemu moja kati ya sehemu 40,000. Zaidi ya hapo, kichujio hakiingii kwenye mashine. Huloweshwa katika kiyeyushi, kiyeyushi kikapunguzwa mpaka kibaki, tuseme, mililita moja, kisha mikrolita moja tu ndiyo inayodungwa. Mashine inaona pikogramu 24, yaani sehemu ya elfu ya zile nanogramu 24. Hapo ndipo mtu anapopaswa kujiuliza kwa unyenyekevu ana hakika gani kwamba alichokiona ndicho alichokitafuta.

Njia ya kutenganisha, iitwayo kromatografia, si ngeni kwa mtu aliyewahi kudondosha wino mweusi kwenye karatasi ya kuchujia akiwa shuleni na kuutazama ukigawanyika kuwa bluu, nyekundu na manjano maji yanapopanda. Mwanabotania wa Urusi, Mikhail Tsvet, alifanya jambo la aina hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, alipopitisha rangi za majani katika mrija wa kioo uliojazwa unga wa chokaa na kuziona zikijipanga kwa tabaka. Mwaka 1952 wanasayansi wa Uingereza, Anthony James na Archer Martin, walionyesha jinsi ya kufanya hivyo kwa mvuke badala ya kimiminika, na toka hapo chombo hicho kimekuwa mkono wa kulia wa kila anayechunguza hewa. Siku hizi mrija wenyewe ni mwembamba kama uzi, kipenyo chake cha ndani kikiwa robo ya milimita na urefu wake mita 30, umeviringishwa kama waya wa simu wa zamani na kufungiwa ndani ya tanuri dogo. Gesi ya heliamu husukuma mvuke, joto hupandishwa taratibu hadi karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na kila kampaundi hutoka kwa zamu yake kutegemea wepesi wake wa kugeuka mvuke na jinsi inavyong'ang'ania ukuta wa mrija. Inapotoka, mstari kwenye skrini hupanda na kushuka, ukichora kilele.

Watu wengi, wakiwamo baadhi ya wanaosaini ripoti, hudhani kwamba shughuli ngumu hufanywa na mashine iliyo mwishoni mwa mrija, yaani spektrometa ya masi, ambayo hupima uzito wa molekuli. Ni mizani nzuri ajabu. Lakini mizani haiwezi kuwatofautisha mapacha wenye uzito mmoja, na benzo(a)pireni ina ndugu wengi wa namna hiyo. Benzo(e)pireni, perileni, na fluoranteni kadhaa za jina la benzo, zote zina kaboni 20 na hidrojeni 12, zote zina uzito wa 252, na zikipigwa kwa elektroni ndani ya mashine huacha alama zinazokaribia kufanana. Kwa afya ya mtu, hata hivyo, hazifanani hata kidogo. Benzo(e)pireni na perileni zimewekwa na wakala ule ule katika kundi la 3, ambako ushahidi wa saratani haukutosha kuziainisha. Kwenye mirija inayotumika zaidi, benzo(e)pireni hutoka muda mfupi kabla ya benzo(a)pireni, na perileni hufuata muda mfupi baadaye. Mrija ukiwa mpya, mabonde kati ya vilele hivi vitatu hushuka mpaka chini. Ukizeeka, au ukichafuliwa na sampuli nzito za masizi, mabonde hupanda na ndugu hawa huanza kupeana mikono, na mwenye haraka huhesabu vilele viwili kama kimoja.

Kuna jozi nyingine ambayo haiachani hata mrija ukiwa mpya. Kriseni na trifenileni, zenye uzito wa 228, hutoka pamoja kwenye mrija wa kawaida, hivyo kwamba ripoti inayoandika "kriseni" bila maelezo mara nyingi imehesabu zote mbili. Wapo wanaotumia mirija yenye ukuta wa aina nyingine, na wapo wanaorudi kwenye kromatografia ya kimiminika ili kuzitenganisha. Zote ni njia halali. Asiyefanya lolote kati ya hayo aandike wazi kwamba tarakimu yake ni jumla ya kampaundi mbili, na hapo hatakuwa na kosa.

Sasa nifike kwenye kujaribu mbinu, ambako ndiko ninakotaka kukaa. Mbinu hujaribiwa kabla ya kutumika ili ijulikane inatenganisha kwa kiwango gani, inarejesha asilimia ngapi ya kilichowekwa, inarudia jibu lake au inayumba, na inaanza kuona kuanzia kiasi gani. Wakemia wana kipimo cha utengano kati ya vilele viwili, na kikifika 1.5 husema vilele vimeachana mpaka kwenye msingi. Utaratibu wa kimataifa wa maabara za upimaji, ISO/IEC 17025, unataka mbinu zithibitishwe, na maabara nyingi zinazojiheshimu huufuata. Tatizo ni kwamba majaribio mengi hufanywa kwa mmumunyo safi ulionunuliwa kwenye chupa, wenye kampaundi 16 zinazojulikana na kiyeyushi kisicho na kitu kingine. Ni kama kumpima dereva kwenye uwanja mtupu wa mpira halafu kumkabidhi basi Kariakoo saa kumi na moja jioni.

Nilijifunza hili kwa aibu. Katika maabara moja niliyokuwa nikifanya kazi tulijaribu mbinu yetu kwa mmumunyo safi, urejesho ukawa mzuri, vilele vikasimama kama minara, tukafurahi. Sampuli ya kwanza ya kweli ilitoka kando ya sehemu ambako taka zilikuwa zikichomwa. Badala ya vilele vyenye nafasi kati yao tulipata kilima kikubwa, na juu ya kilima vichwa vichache vya vilele vikichungulia. Kilima hicho ni mchanganyiko wa kampaundi zisizohesabika ambazo mrija mmoja hauwezi kuzitenganisha. Ili kupima kilele lazima uchore mstari wa chini yake, na juu ya kilima mstari huo hauna mahali dhahiri pa kupita. Mwenzangu alichora wake, mimi nikachora wangu, bila kuonyeshana. Jibu lake lilikuwa chini ya ile nanogramu 1 ya Ulaya, langu likawa juu yake. Sampuli ilikuwa moja na mashine ilikuwa moja. Kama tungekuwa na haraka, gazeti lingepata habari kutoka kwa yeyote kati yetu aliyefika kwanza kwenye simu.

Kwamba mrija mmoja huficha mengi si ugunduzi wangu. Mwaka 2000 Alastair Lewis na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa hewa ya Melbourne, Australia, walioufanya kwa kuunganisha mirija miwili yenye tabia tofauti, ili kile ambacho mrija wa kwanza umeshindwa kukitenganisha kigawanywe na wa pili. Walitenganisha zaidi ya kampaundi 500, nyingi zikiwa zimekaa miaka yote chini ya vilele na vilima ambavyo wengine walidhani wanavielewa. Hata hivyo sidai kila maabara ya Afrika Mashariki inunue mfumo huo. Ninachodai ni kwamba mbinu ijaribiwe juu ya kilima.

Kujaribu juu ya kilima kuna namna zake. Unaweza kuchukua kichujio chenye masizi ya kweli, ukakikata vipande viwili, kimoja ukakiongezea kiasi unachokijua cha benzo(a)pireni, kisha ukavichambua vyote ili uone kama tofauti inalingana na ulichoongeza. Unaweza pia kuongeza kampaundi ile ile iliyotengenezwa kwa hidrojeni nzito, ambayo husafiri pamoja na ya kawaida katika kila hatua lakini mizani huitambua kwa uzito wake, hivyo inakuambia umepoteza kiasi gani njiani. Namna hizi zina kasoro moja ambayo inafaa ikumbukwe: kilichodondoshwa juu ya masizi leo asubuhi hutoka kwa urahisi kuliko kilichozaliwa pamoja na masizi ndani ya moto na kujificha katika matundu yake. Ndiyo maana kuna vumbi rejea, ambalo kiasi cha kampaundi zake kimekwisha kuthibitishwa kwa njia zaidi ya moja. Linalojulikana sana hutolewa na taasisi ya viwango ya Marekani, na lilikusanywa katika eneo la Washington miaka ya 1970. Ni vumbi la heshima na nimelitumia. Lakini ni vumbi la mji wa magari ya Marekani wa nusu karne iliyopita, na mbinu inayolifaulu bado haijakutana na moshi wa mkaa, kuni mbichi, vifuu vya nazi na mifuko ya nailoni vilivyochomwa pamoja.

Mkaa wenyewe ni somo. Watafiti wengi wanaotaka kujua sehemu ya moshi iliyotokana na kuni hutafuta levoglukosani, sukari inayozaliwa selulosi, yaani nyuzi zinazoujenga mti, inapovunjwa na joto la zaidi ya nyuzi 300. Ni alama nzuri kwa nchi inayochoma kuni. Mkaa, hata hivyo, ni mti ambao selulosi yake imekwisha kuvunjwa kwenye tanuri la msituni, na unapowashwa jikoni hutoa levoglukosani kidogo sana. Maabara inayotumia alama hiyo peke yake katika mji unaopikia mkaa inaweza kutangaza kwamba majiko hayachangii uchafuzi, na kosa halitakuwa la mashine. Tena levoglukosani ina ndugu wawili, manosani na galaktosani, wenye uzito ule ule, na kwa kuwa zote zinapenda maji hazipiti vizuri kwenye mrija wa mvuke mpaka zibadilishwe kwanza kikemikali. Hatua hiyo ya kubadilisha huharibiwa na unyevu, na mwenyeji wa pwani hahitaji kuelezwa habari za unyevu.

Hali ya hewa nayo haijali kilichoandikwa kwenye mwongozo uliotungwa kwenye baridi. Kampaundi nyepesi za jamii ya benzo(a)pireni, zenye pete mbili au tatu za kaboni, hupendelea kuwa mvuke, na joto linapopanda hata zile za pete nne huanza kubanduka kwenye kichujio na kwenda zao pamoja na hewa inayovutwa. Asiyeweka sifongo maalumu nyuma ya kichujio anapoteza sehemu kubwa bila kujua, halafu anaripoti kwamba hewa ni safi. Ozoni nayo hushambulia benzo(a)pireni iliyokwisha kunaswa. Na kwenye mirija ya kunasia mvuke iliyojazwa chembe za polima ziitwazo Tenax, ozoni hula Tenax yenyewe na kuzalisha benzaldehidi na asetofenoni, hata maabara ikagundua hewani kitu ilichokitengeneza yenyewe.

Kwa sababu hiyo sampuli tupu, yaani kichujio kinachobebwa mpaka mahali pa kupimia na kurudishwa bila kuvutiwa hewa, ni ya lazima kama sampuli yenyewe. Niliwahi kuhangaika wiki nzima na sampuli tupu zilizojaa nafthalini. Tulibadilisha kiyeyushi, tukachoma upya vichujio, tukashuku gesi. Mwishowe ikabainika kwamba koti la maabara la mmoja wetu lilihifadhiwa nyumbani katika kabati lenye vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba haya yote ni gharama. Ni kweli. Heliamu ni ghali, mirija huagizwa kutoka nje, na umeme unapokatika pampu ya ombwe husimama, siku inayofuata ikaishia katika kusawazisha mashine upya. Lakini gharama kubwa zaidi imekwisha kulipwa, nayo ni mashine. Kulinganisha na bei yake, kupima sampuli tupu, kurudia kichujio mara tatu na kutunza picha ya utengano wa zile ndugu za 252 kila mwezi ni gharama ndogo.

Pendekezo langu kwa wenye mamlaka ni moja. Yakusanywe masizi na vumbi la miji yetu kwa wingi, kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko, yachanganywe vizuri, yagawanywe katika chupa ndogo, na chupa zipelekwe kwa maabara za umma na za vyuo vikuu zilizo tayari, kila moja ichambue kwa mbinu yake bila kujua jibu la jirani. Majibu yote yatangazwe, yakiwamo yanayotia aibu. Wenye viwango, kama Shirika la Viwango Tanzania na wenzao wa Kenya, wana uzoefu wa kulinganisha maabara katika bidhaa nyingine, na haitakuwa kazi ngeni kwao. Tukishajua majibu yanatofautiana kwa kiasi gani, tutajua pia ni tofauti ipi kati ya mtaa na mtaa inayostahili kuitwa tofauti.

Kwako Mhariri, ombi langu ni dogo zaidi. Mwandishi wako anapoletewa tarakimu ya kemikali hewani, aulize mbinu ilijaribiwa kwa moshi gani, sampuli tupu ilionyesha nini, na kama kampaundi iliyotajwa ilisimama peke yake au pamoja na nduguye. Majibu yachapishwe pamoja na tarakimu, hata kwa sentensi mbili. Na kama chumba chako cha habari kitapenda kuona jinsi mistari miwili iliyochorwa chini ya kilele kimoja inavyoweza kutoa habari mbili zinazopingana, picha zile za siku yetu ya aibu bado ninazo, nami niko tayari kuzileta.

Wako,

Mkemia wa sampuli za hewa,
Dar es Salaam